Umri wa Gari Katika Kiambatisho: Uhakiki wa Hati ya Kununulia Gari la Zimamoto

Jiji la Marekani linapotaka gari jipya la zimamoto, kwanza huandika kitabu. Kitabu hicho hakina jina la mwandishi wala hakiuzwi dukani, na wasomaji wake ni wachache: kamati ya ununuzi, mwanasheria wa jiji, mkuu wa zimamoto na wasaidizi wake, na mawakala wa viwanda vinavyotarajia kuomba zabuni. Huitwa vipimo vya kiufundi, na mara nyingi kurasa zake huzidi mia moja. Humo hutajwa unene wa bati la mlango, aina ya rangi, idadi ya taa, upana wa viti, mahali pa kuning'iniza shoka na mahali pa kuchajia redio. Maandishi haya yanastahili kusomwa kwa jicho lile lile tunalolitumia kwa riwaya na tamthilia, kwa kuwa jinsi yalivyoandikwa ndiyo huamua kama usiku fulani, miaka kumi na minane baadaye, maji yatatoka mpirani au hayatatoka.

Nayasoma hapa kwa upande wa fani: nani anasema, kwa nafsi ipi, katika wakati upi, na nini kimewekwa mbele na nini nyuma. Ninachokiona ni kwamba gari la zimamoto hununuliwa ili lidumu kwa karibu robo karne, lakini hati ya kulinunua imeandikwa kana kwamba maisha yake yanaishia siku linapokabidhiwa. Umri, ambao ndio hasa fedha ile yote inaulipia, umesukumwa kwenye kurasa za nyuma.

Tuanze na nafsi. Katika vipimo hivi hakuna "mimi" wala "sisi". Kiima cha karibu kila sentensi ni kitu: gari litakuwa na milango minne, pampu itafungwa katikati, tangi litatengenezwa kwa plastiki nzito. Binadamu akitokea, ni mzabuni, naye ametokea ili aamriwe: atawasilisha michoro, ataonyesha cheti, atagharimia ukaguzi. Ni amri iliyovaa wakati ujao. Mtindo huu una uzuri wake, nao nauheshimu. Hauna sifa tupu. Neno "imara" likiachwa bila kipimo halimbani mtu yeyote, kwa hiyo mwandishi hodari wa vipimo huliondoa akaweka milimita za chuma na idadi ya miaka ya dhamana dhidi ya kutu. Adabu hii ya kupima badala ya kusifu wangeweza kujifunza waandishi wengi wa mambo ya umma.

Lakini fuata wakati ujao huo uone unafika wapi. Kila kitenzi kinaelekea siku moja, ile ambayo maofisa wa jiji wanasafiri hadi kiwandani, wanazunguka gari na tochi na orodha mkononi, wanafungua kila kabati, wanawasha kila taa, kisha wanatia saini. Baada ya saini, vitenzi vinakwisha. Hubaki kurasa za dhamana, na dhamana ni mtindo mwingine kabisa: husema mambo ambayo kiwanda hakitayafanya. Chesisi miaka kadhaa, rangi miaka kadhaa, pampu miaka kadhaa, ila yasihesabiwe yaliyosababishwa na matumizi mabaya, ajali au kutotunzwa. Tangi la plastiki ndilo mara nyingi hupewa dhamana ya maisha yote ya gari, na si ajabu kulikuta zima ndani ya mwili uliokwisha kuliwa na chumvi ya barabarani.

Nyuma ya kila kitabu cha jiji kuna kitabu mama. Nacho ni kiwango kilichojulikana kwa miongo mingi kama NFPA 1901, kilichoandikwa na chama cha Marekani cha kinga ya moto, NFPA, kilichoanzishwa mwaka 1896. Tangu toleo la 2024 yaliyomo yake yameunganishwa na mengine katika NFPA 1900, lakini mpangilio ulioyazoesha majiji namna ya kununua ni ule wa 1901, na huo ndio ninaousoma. Muundo wake ni wa ghorofa mbili. Ghorofa ya juu ni sura zenye vifungu vyenye namba, na huko kila sentensi ni amri. Pampu ya gari la kuzima moto mjini itoe angalau galoni 750 za Kimarekani kwa dakika, yaani lita 2,840 hivi. Tangi libebe angalau galoni 300, takriban lita 1,136. Gari likipungukiwa na hayo haliwezi kuitwa kwa jina hilo. Ghorofa ya chini ni viambatisho. Pembeni ya baadhi ya namba za juu kuna nyota ndogo, nayo humpeleka msomaji kwenye kiambatisho cha maelezo, mahali ambapo sauti inabadilika: mtoa amri anakuwa mshauri, anaeleza sababu, anatoa mifano, hata anakiri kuwa hali za miji hazilingani.

Umri wa gari umewekwa katika ghorofa hiyo ya chini. Katika matoleo ya 2009 na 2016 ni Kiambatisho D. Kinapendekeza kwamba gari lililopita miaka 15, kama limetunzwa vizuri na bado linafanya kazi, liondolewe mstari wa mbele na kuwa gari la akiba, huku likiongezewa mambo mapya ya usalama kadiri inavyowezekana. Likipita miaka 25, liondolewe kabisa. Kisha rudi mwanzoni mwa kiambatisho, usome tamko linalotangulia vyote: kwamba kurasa hizi si sehemu ya masharti ya kiwango, zimewekwa kwa ajili ya taarifa tu.

Hapo ndipo fani na maudhui vinapogombana. Upana wa kiti cha askari ni amri. Mwanga wa taa ya nyuma ni amri. Swali la kama askari huyo bado atapelekwa motoni na gari la mwaka wa 28 ni ushauri. Sababu ya mgawanyo huu naielewa, na haina hila ndani yake. Kiwango cha magari mapya kinazungumza na mtengenezaji, na mtengenezaji hana mamlaka juu ya bajeti ya jiji. NFPA nayo si serikali. Kiwango kingeandika amri juu ya umri, miji midogo yenye gari moja ingevunja kiwango kwa umaskini wake, na huenda wanasheria wakalitumia jambo hilo dhidi yake. Hata hivyo matokeo ya mpangilio yanabaki pale pale. Diwani anayetafuta mahali pa kukata fedha anasoma ukurasa ule, anaona hakuna sharti, anaahirisha ununuzi mwaka mmoja, kisha mwingine.

Kuna jambo zuri zaidi ndani ya kiambatisho hicho, na wasomaji wengi hulipita. Hoja yake kuu kuhusu umri haitegemei kutu. Inategemea matoleo. Mwaka 1991 kiwango kilibadilishwa sana: askari hawakuruhusiwa tena kusafiri wakiwa wamesimama nyuma au wameketi mahali pasipo na mlango, ilibidi kabini ifungwe pande zote. Gari la kabla ya hapo linaweza kuwa na injini inayonguruma vizuri na bado likawa zee, kwa sababu lilibuniwa wakati maisha ya abiria wake yalithaminiwa kidogo. Kwa maana hiyo gari la zimamoto lina umri wa chuma na lina umri wa maandishi. Kiambatisho kinaujua umri wa pili vizuri kuliko wa kwanza. Wa kwanza kinauhesabu kwa kalenda, na kalenda ni kipimo kibovu kwa mashine hii. Gari linaloegeshwa kando ya jengo linaloungua na kusukuma maji kwa saa saba halijasogea hata mita moja, na mita ya kilomita itasema limepumzika. Ndiyo maana mafundi hutazama saa za injini kwanza. Gari la mtaa wenye miito mingi kila siku na gari la kitongoji chenye miito michache kwa wiki yana miaka 15 sawa kwenye karatasi tu.

Sehemu moja ya kiwango, hata hivyo, imeandikwa kwa ustadi ambao ningependa kuusifu kwa urefu, nayo ni jaribio la pampu. Pampu mpya hupimwa kwa saa tatu. Saa mbili za kwanza hutoa kiasi chake chote kwa presha ya baa 10 hivi. Kisha nusu saa hutoa asilimia 70 ya kiasi hicho, presha ikipandishwa hadi karibu baa 14. Nusu saa ya mwisho ni asilimia 50, presha ikifika baa 17. Tazama umbo lake: maji yanapungua hatua kwa hatua, nguvu inapanda hatua kwa hatua. Mpangilio huo umetoka kazini kwenyewe. Moto ulio karibu na barabara unataka maji mengi kwa presha ya wastani. Moto ulio ghorofani au mwisho wa mpira mrefu unataka maji machache yanayosukumwa kwa nguvu, kwa kuwa urefu wa mpira na kimo cha jengo hula presha njiani. Hatua tatu, na ndani yake zimo sura nyingi za kazi ya mtu wa pampu. Hakuna neno lililozidi.

Isitoshe, jaribio hili hurudiwa. Kila mwaka, chini ya kiwango kingine kinachohusu magari yaliyo kazini, pampu hupimwa tena kwa umbo lile lile lililofupishwa: dakika 20 kwa kiasi chote, 10 kwa asilimia 70, 10 kwa asilimia 50. Namba za mwaka huu huwekwa kando ya namba za mwaka wa kwanza. Katika fasihi tunajua nguvu ya kibwagizo: maneno ni yale yale, na msikilizaji anayasikia tofauti kwa sababu ya beti zilizopita katikati. Karatasi ya jaribio la mwaka ni kibwagizo cha gari, na hapo tu ndipo hati hizi zinapokuwa na kumbukumbu. Kasoro yake ni mahali ilipo. Iko katika kitabu cha matunzo, si katika mkataba wa kununua. Kiwanda kinaisikia mara ya kwanza tu.

Ni vyema kukumbuka jinsi viwango hivi vilivyozaliwa, kwa kuwa chanzo chake kilikuwa umbo. Tarehe 7 Februari 1904 moto ulizuka katikati ya Baltimore, ukawaka kwa zaidi ya saa 30 na kuteketeza zaidi ya majengo 1,500. Vikosi vilitoka Washington kwa treni, baadaye Philadelphia, New York na kwingineko. Walifika na injini nzima na watu wenye ujuzi, wakakuta mipira yao haiingii kwenye mabomba ya maji ya Baltimore. Tofauti ilikuwa katika kipenyo na meno ya skrubu. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa nchini humo palikuwa na aina zaidi ya 600 za viungio vya mipira. Mwaka uliofuata NFPA ikapitisha kipimo cha pamoja: kipenyo cha inchi 2 na nusu, meno 7 na nusu kwa kila inchi.

Sentensi hiyo moja yenye namba mbili ni mfano wa juu kabisa wa mtindo huu. Inaamuru kitu kidogo kinachowaunganisha watu wasiojuana. Lakini nayo iliingia katika ulimwengu ambao mabomba ya zamani yalikuwa yameshafukiwa ardhini, na kuyabadilisha kulihitaji fedha ambazo sentensi haina. Oktoba 1991, moto wa vilima vya Oakland huko California ulipoua watu 25, vikosi vya msaada vilikuta mabomba ya jiji yana vinywa vya inchi 3 wakati wao walizoea inchi 2 na nusu. Miaka 87 ilikuwa imepita tangu Baltimore. Kilichokosekana ni kifungu cha kuwafuatilia wanaobaki nyuma.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kulitafuta somo hili mbali. Nchi zilizorithi mfumo wa Waingereza zilizoea kiungio cha Kiingereza kinachobana kwa kusukumwa, bila kuzungushwa. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya mji wa Ujerumani huja na viungio vya Storz, na Wajapani wana vyao. Mji unaopokea gari la msaada au kununua lililotumika unapaswa kusoma vinywa vyake kabla ya kusoma rangi yake, na kuandika adapta kama sharti la kupokea.

Waingereza wana gari linalosaidia kuupima ule mgawanyo wa umri wa chuma na umri wa maandishi. Lilipewa jina la Green Goddess. Lilijengwa kati ya 1953 na 1956 juu ya chesisi za Bedford, kwa kikosi cha akiba kilichoandaliwa kwa vita vya nyuklia: kazi yake ilikuwa kusukuma maji mengi kutoka mitoni hadi kwenye miji inayoungua. Kikosi kilivunjwa mwaka 1968, magari yakahifadhiwa. Askari wa zimamoto walipogoma mwaka 1977, wanajeshi waliyaendesha mitaani. Walipogoma tena mwaka 2002, yaliendeshwa tena, yakikaribia nusu karne. Yaliwaka na yalisukuma maji. Yalidumu kwa sababu yalikaa ghalani muda mwingi, hayakuwa na vifaa vya elektroniki vya kuzeeka, na injini yake fundi yeyote wa malori aliielewa. Lakini yalikuwa ya polepole, usukani wake ulitaka mikono yenye nguvu, na hayakubeba zana za kuokoa watu walionaswa katika magari yaliyogongana. Chuma kilikuwa hai na maandishi yalikuwa yamekufa. Anayesema kwamba magari ya zamani yalikuwa bora kwa kuwa yalidumu anasoma nusu ya ukurasa.

London ilijaribu njia nyingine, na kwa mhakiki wa fani ni jaribio muhimu. Mwaka 2001 jiji liliingia mkataba wa miaka 20 ambao haukununua magari. Ulinunua upatikanaji wa magari. Kampuni ya AssetCo ndiyo ikaja kuyamiliki na kuyatunza, na kikosi kikalipa ili yawepo na yawe tayari. Sarufi yote inageuka hapo. Kiima si gari tena, ni huduma. Na wakati ujao hauishi siku ya makabidhiano, unaenea kwa miongo miwili. Kwa mara ya kwanza umri umetoka kwenye kiambatisho ukaja mbele. Ningependa kusema kwamba fani hiyo ndiyo jibu. Lakini kampuni ilizama katika matatizo ya fedha, na mwaka 2012 biashara yake ya London iliuzwa kwa pauni 2. Gharama ya vitabu viwili vya mazoezi ya shule ilihamisha umiliki wa magari yanayolinda mojawapo ya miji mikubwa duniani. Mwaka 2014 kazi ikachukuliwa na kampuni ya Babcock. Magari yaliendelea kwenda motoni muda wote huo, na hilo ni la kushukuru, ila mkataba uliokuwa na wakati mrefu hivyo ulikuwa umesahau kuuliza kama mwenzake naye ana wakati huo. Uimara wa chuma ulipimwa. Uimara wa mwenye chuma ulichukuliwa kuwa ni jambo la wahasibu.

Turudi Marekani, kwenye ukurasa wa bei, ambao ni mfupi kuliko yote na wenye nguvu kuliko yote. Baada ya kurasa mia za amri, mzabuni anajaza namba moja. Namba hiyo ndiyo inayosomwa kwa sauti siku ya kufungua zabuni, na ndiyo inayoandikwa magazetini. Si zamani sana, katikati ya miaka ya 2010, gari la kawaida la pampu liliweza kupatikana kwa nusu milioni ya dola hivi. Sasa linakaribia milioni moja, na lenye ngazi ndefu huzidi milioni 2. Namba moja haina nafasi ya kusema bei ya vipuri mwaka wa tisa, wala siku ambazo gari litakaa karakanani likisubiri kifaa cha elektroniki ambacho kiwanda kimoja tu hukiuza.

Bei hiyo ina historia yake, ya watengenezaji kumezana na kupungua. Oshkosh iliinunua Pierce mwaka 1996. Kampuni iliyokuja kuitwa REV Group ilikusanya E-ONE, KME, Ferrara na Spartan, majina ambayo zamani yalishindana katika zabuni zile zile, na mwaka 2022 kiwanda cha KME huko Pennsylvania kilikuwa kimefungwa. American LaFrance, jina ambalo vizazi vya watoto wa Marekani waliliona ubavuni mwa magari mekundu, lilisitisha kazi zake mwaka 2014. Muda wa kusubiri gari, uliokuwa chini ya mwaka mmoja au zaidi kidogo, umefika miaka miwili, mitatu, kwingine minne. Mikataba mingi imeingiziwa kifungu kinachoruhusu bei kupanda baada ya saini. Septemba 2025 kamati ndogo ya Seneti iliyoongozwa na seneta Josh Hawley, pamoja na seneta Andy Kim, iliwaita watendaji wa kampuni kubwa na kuwahoji juu ya hayo. Watengenezaji wanataja uhaba wa vipuri na wafanyakazi baada ya janga la korona, na pia kwamba kila jiji linataka gari lake peke yake.

Hoja hii ya mwisho si ya kupuuzwa, hata ikitolewa na mwenye maslahi. Kitabu cha kila jiji ni fahari yake. Humo kuna busara ya kweli: mitaa ya San Francisco ina miteremko, vituo vya zamani vina milango mifupi, madaraja yana uzito wake. Lakini humo pia kuna matakwa ya kamati, kabati lililosogezwa sentimita chache kwa kuwa gari lililopita lilikuwa hivyo. Kila tofauti ni mchoro mpya, na kila mchoro mpya ni kipuri ambacho mwaka wa kumi na sita hakipo rafu yoyote. Mwandishi wa vipimo anayefuta kifungu kisichohitajika anaongeza uhai wa gari kuliko anayeongeza cha dhamana.

Na muda wa kusubiri umefanya jambo ambalo kiambatisho cha umri hakikulitazamia. Miaka 15 na 25 iliwekwa kwa kudhani kwamba mwenye fedha akitaka gari atalipata. Jiji likiagiza mwaka wa 15 na gari likaja mwaka wa 19, la mstari wa mbele linakuwa limekaa mbele miaka minne kupita ushauri, na la akiba linakuwa limesukumwa hadi mahali ambapo lingepaswa kuwa chuma chakavu. Kifungu cha tarehe ya kukabidhi, ambacho kwenye hati kimekaa kati ya masharti ya malipo na usafirishaji, kimekuwa kifungu cha uimara. Kisomwe hivyo na kiandikwe hivyo, chenye fidia kwa kila siku inayochelewa.

Kila uhakiki wa wahusika huuliza pia nani hayupo. Katika hati hizi hayupo fundi. Mnunuzi yupo, mzabuni yupo, mwendeshaji wa pampu yupo kwa namna ya viti na vishikio vilivyopangwa kwa kimo chake. Mtu atakayelala chini ya gari kwa miaka 20 hatajwi, isipokuwa mahali fulani pa mafunzo ya siku chache baada ya kupokea. Januari 2025, Los Angeles ilipoungua, mkuu wa zimamoto wa jiji wakati huo, Kristin Crowley, alisema hadharani kwamba zaidi ya magari 100 ya idara yake hayakuwa kazini, na akataja upungufu wa mafundi. Magari hayo nayo yalinunuliwa kwa vitabu vya aina hii hii.

Hata hivyo fundi ana ukurasa mmoja, na ni mdogo sana. Kiwango kinaamuru kwamba katika kabini ya dereva kufungwe kibao cha kudumu kinachotaja aina na kiasi cha kila kimiminika: oili ya injini, maji ya rejeta, oili ya gia, ya pampu, ya difu, ya usukani. Kati ya maneno yote yaliyoandikwa kwa ajili ya gari hilo, haya ndiyo yanayosafiri nalo hadi mwisho. Vipimo vitabaki ofisini, mkataba utawekwa kabatini, diwani aliyepiga kura atastaafu. Kibao kitakuwa mbele ya macho ya mtu ambaye huenda hajazaliwa siku ya zabuni, kikimwambia anachohitaji kwa lugha anayoijua. Anayeambiwa anajulikana, wakati wake unajulikana, hakuna neno la ziada. Paneli ya pampu nayo imeandikwa kwa adabu hiyo: geji kubwa za kuingiza na kutoa maji zikiwa pamoja, kila tundu na rangi yake, ili isomwe usiku, kwenye moshi, na mtu aliyevaa glavu.

Mwandishi wa zabuni angeweza kuiga kibao hicho. Ukurasa wa bei uwe na mistari mingi badala ya mmoja: bei ya gari, bei ya vipuri ishirini vinavyochakaa zaidi, kwa kila mwaka hadi wa 15, siku ambazo kila kimoja kitachukua kufika karakanani, michoro ya umeme na programu za uchunguzi zikabidhiwe kwa mafundi wa jiji pamoja na funguo, mafundi wawili wakae kiwandani gari linapofungwa pampu. Na jaribio la pampu liingie katika mkataba, lirudiwe mwaka wa 5, wa 10 na wa 15 mbele ya mwakilishi wa kiwanda, kwa hatua zile zile tatu. Pampu itatoa, katika mwaka wa kumi na tano, kiasi chake chote kwa dakika ishirini kwa presha ya baa kumi, ikiwa jiji limefuata ratiba ya matunzo iliyoambatishwa. Sarufi yake haina tofauti na ya kifungu cha milango minne. Kampuni itakayoikubali itaiwekea bei, na itakayoikataa itabidi iandike kwamba imeikataa, katika ukurasa ambao wajumbe wa kamati wanausoma kabla ya kupiga kura.